Msiba wa Bibi wa Glavu Moja

Jumatatu, 5 Agosti 1963

Jirani yangu Pontien amenunua redio. Ameiweka dirishani, imeelekezwa kwangu. Mtaa wetu mzima, kartiye ya tatu ya Ngagara, sasa unapata habari za dunia kutoka kwa Pontien. Jioni Spès alisimama pale na ndoo yake ya maji mpaka wimbo ukaisha. Tunamtaka wote wawili, mimi na Pontien. Baba yake, mzee Herménégilde, bado hajasema atampa nani.

Redio siiwezi. Lakini Mbelgiji mmoja wa Kiriri, kule mlimani kwa wazungu, anarudi kwao na anauza vitu vyake uani. Nimeshuka na picha ya rangi ya mwanamke, kubwa kama mlango wa kabati. Pembeni imeandikwa 1911. Imefunika ufa wote wa ukuta wa sebule.

Jumatano, 7 Agosti

Sikuinunua niitazame. Niliinunua itazamwe. Ila nimechelewa kazini siku mbili mfululizo.

Amekaa upande, gauni jeusi, kola nyeupe mpaka kidevuni. Mkono mmoja una glavu, mwingine umeivua. Huo mtupu ndio tatizo. Ukiusogelea unapotea: madoa ya rangi tu, kama mchoraji alikuwa na haraka. Ukirudi mlangoni, mkono huo, na vidole vyote. Nimejaribu mara nyingi. Mdomo nao umefunguka kidogo. Kuna neno anataka kusema.

Jioni Spès akaja na baba yake. Mzee aliuliza huyu mzungu ni nani kwangu. Nikajibu kwamba ni mama yangu wa ubatizo, Madame Joséphine wa Bukavu. Sijui jina lilitoka wapi. Mzee aliketi bila kukaribishwa. Alama nzuri sana!

Alhamisi, 8 Agosti

Mzee amekubali kupokea posa yangu. Jumapili! Mama anafika Jumamosi kutoka Bukavu kwa ajili hiyo. Lakini kuna sharti.

"Namegabe, siwezi kutoa mutoto wangu bila kuona ule mama alikushika ku ubatizo," alisema. "Umuite naye."

Nimefikiria kutwa. Nikisema anaumwa, watakwenda kumwona. Bukavu si mbali. Nikisema amesafiri, watamsubiri. Saa ya chakula cha jioni Madame Joséphine alifariki. Ghafla. Moyo.

Ijumaa, 9 Agosti

Matanga sikuyapigia hesabu.

Asubuhi wanawake walikuwa wameshatandika mikeka uani na kuwasha moto. Mzee Herménégilde amekuja na pombe ya ndizi, akatangaza kwamba atakaa na mimi mpaka siku ya tatu, kama baba. Posa haizungumzwi penye kilio, kwa hiyo ya Jumapili imesogezwa. Hasara. Lakini penye kilio redio nayo hailii. Mzee alikwenda mwenyewe kumwambia Pontien azime. Sijawahi kusikia kimya kitamu namna ile.

Wafiwa wamekaa mbele ya picha. Kila mmoja ameona lake. Mmoja anasema kola ile inambana. Spès anasema ameivua glavu ili asalimie mtu anayeingia. Mzee ameugundua ule mkono. Alisogea, akarudi mlangoni, akasogea tena. Baadaye alisema taratibu kwamba huyu mama alikuwa na subira. Nikajikuta nina machozi. Ya kweli! Kwa mtu niliyemzaa Jumatano na kumwua Alhamisi.

Kesho nitampokea Mama kwenye kituo cha malori, nimweleze kabla hajaonana na mtu.

Jumamosi, 10 Agosti

Lori lilifika mapema. Sikuwapo kituoni. Nilikuwa sebuleni, nimebanwa.

Pontien alikuja kutoa pole. Alisimama mbele ya picha, mikono nyuma. Kisha akasema, watu wote wakisikia: "Bandugu, hii picha mi naijua. Juzi ilikuwa inauzwa kwa mzungu wa Kiriri. Huyu mama alikufa wapi, Bukavu ao Kiriri?"

Mzee alinigeukia. Spès pia.

Ndipo kilio kikasikika njiani. Mama! Ameona mikeka, moto, wanawake wamefunga viuno. Mama hulia kwanza, huuliza baadaye, kama watu wote waliolelewa vizuri. Aliingia amejishika kichwa, akajitupa chini ya picha, akalia: dada yangu, rafiki yangu, umemwacha mtoto na nani. Wanawake wakalipuka naye.

Mzee Herménégilde alimshika Pontien bega na kumwambia kwamba mtu hahoji maiti mbele ya wenye msiba. Akamtuma kuni. Pontien amepasua kuni mpaka jua likazama. Nimekula sahani tatu.

Jumapili, 11 Agosti

Mama alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Ni nani amekufa?"

Nikamwambia yote. Alinipiga kibao kimoja, cha haki. Akanikumbusha kwamba mama yangu wa ubatizo ni Odette, jirani yetu, mzima wa afya, na kwamba ndiye aliyemfungia mihogo ya safari. Akarudi sebuleni akaitazama picha kwa muda mrefu. Alisema hakulia bure, mwanamke huyu ana sura ya mtu anayestahili kuliliwa. Nisiiuze. Na nisidanganye tena maishani mwangu. Nimeapa. Nimelala kama mtoto.

Jumatatu, 12 Agosti

Matanga yameisha. Mzee amesema hahitaji kusikia zaidi: Spès ni wangu, arusi baada ya majuma matatu. Spès amecheka mpaka akaficha uso. Asante Mungu! Yamekwisha yote, na hakuna aliyeumia.

Mzee aliuliza jambo moja tu, akiwa mlangoni: nani atasimama nami kanisani. Nikamwambia mume wa marehemu, kanali mstaafu, anakuja kwa ndege.

Majuma matatu yanatosha. Kanali wa umri ule, mpweke, na tangu mkewe afariki hali chakula vizuri; moyo nao si mzima.