Mkono wa Kushoto Nyuma ya Shuka

Jamani, leo nimevuliwa nguo. Mchana kweupe, mbele ya mkwe! (Si nguo za kweli. Suruali ninayo, ila imechanika gotini, na mtajua kwa nini.) Nawaandikia nyinyi wa kinu cha pamba, Mwanza, jioni hii hii, kabla habari haijawafikia kwa dereva wa lori, maana yule bwana akipata kisa hukitia chumvi mpaka hakiliki. Na kabla sijasema lolote, sikieni hili: haki ilikuwa yangu. Mkono ulikuwa wa kulia!

Tuanze asubuhi. Mnajua tangu nihamie Masumbwe na cherehani yangu, watu wa hapa wananiita Bwana Sinema. Mtu akileta suruali kutiwa kiraka, lazima nimsimulie sinema moja tuliyoiona huko Mwanza, na mwisho natoa hukumu. Nimewasimulia zile za zamani zisizo na sauti, ambamo kila mtu anatembea kama amekanyaga siafu. Nimewasimulia za Kihindi, ambamo mtu akichomwa kisu anaimba kwanza ndipo anakufa (nzuri, lakini ndefu, unatoka kwenda haja, unarudi, bado anaimba). Za wafalme na mapanga sizipendi. Wanapigana ngazini saa nzima na hakuna anayejikwaa.

Basi leo gari la sinema la serikali likaingia. Mwendeshaji wake anaitwa Saidi, kijana wa Tabora, mpole, mchache wa maneno. (Huo uchache wake wa maneno ndio ulioniua. Subirini.) Nikamuuliza amebeba nini. Akanionyesha kopo. Jamani! Ni ile ya mchunga ng'ombe mwenye kofia pana! Ile tuliyoiona pamoja, Athumani akalia farasi alipokufa. (Athumani, ulilia. Usikatae.) Nimeisifu ile sinema hapa Masumbwe mpaka watoto wanaitana kwa jina la kofia. Nikasema leo naiona tena, nijue kama nilikuwa nawadanganya watu.

Sasa kulikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko sinema. Ni Kabula, binti ninayemposa. Ng'ombe wa mahari wameshakubaliwa, baba mtu ameridhika, amebaki mama mtu. Alikuwa hajatamka neno. Na mama asipotamka, ng'ombe wanarudi ulikowatoa na wewe unarudi nao.

Asubuhi hiyo hiyo mshenga wangu, Mzee Shija, akaja barazani na fimbo yake.

"Mama Kabula amekuja gulioni," akasema. "Ataingia kuangalia hiyo sinema yenu, kisha nitamfuata anipe neno lake. Leo wewe kaa kimya. Usionekane, usisikike."

"Mzee wangu, mimi na kelele wapi na wapi?"

Akaniangalia, akaenda zake.

Athumani, wewe ni wa Kigoma, nikueleze. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani, unaingia porini upande wako, naye anaingia upande wake, njia inabaki ya mbuzi. Tangu nianze kumposa Kabula nilikuwa nimeuona mgongo wa mama yake tu, kaniki ikipotelea kwenye mihogo. Uso wake sikuujua. Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kumbukeni hilo, maana nilikuja kuponzwa na adabu zangu mwenyewe.

Saidi alitaka kulala Biharamulo, hivyo sinema ikapangwa mchana, ndani ya ghala la pamba, madirisha yakazibwa kwa magunia. Watu wakaanza kuja, na papo hapo wakakwama mlangoni. Kila mwanamume ana mkwe wake gulioni! Huyu hawezi kuingia kwa sababu ya yule, yule hawezi kwa sababu ya huyu. Wengine walishageuka kwenda zao.

Nani akatoa shauri? Mimi! Kichwa changu hiki hiki. Nikasema shuka la sinema lisitundikwe ukutani, litundikwe katikati ya ghala. Wanaume huku, wanawake kule, na mlango wa nyuma upo. Hakuna atakayemwona mkwe. Nikatoa amerikani yangu, nikaunga vipande kwa cherehani, mshono mara mbili, bure!

Saidi akaipapasa. "Nyepesi hii. Picha itapenya mpaka nyuma."

"Ndiyo vizuri! Kila upande utaona."

"Wataona," akasema Saidi. Akaenda kuwasha mtambo wake.

Wataona! Kijana amezunguka nchi nzima na mashine ile, anajua picha inakuwaje ukiitazama kwa nyuma, na hakuona haja ya kuongeza hata neno moja. Mimi ningejuaje? Mwanza sinema inapigwa ukutani. Nyuma ya ukuta kuna duka la mafuta ya taa.

Ikaanza picha ya serikali, jinsi ya kupalilia pamba. (Hukumu yangu: uongo. Mkulima gani anapalilia na viatu vyeupe?) Kisha ikaja yetu. Nikakaa kimya, nawaapia. Lakini maneno yalikuwa ya Kizungu, na watu wakaanza kuninong'oneza: "Bwana Sinema, anasema nini huyo?" Nikaeleza kidogo. Wa nyuma wakasema hawasikii. Nikapandisha sauti kidogo. Mzee Shija akanigonga na fimbo mguuni. Nikashusha. Wa nyuma wakalalamika. Mnanijua. Nikasimama.

Na niwaambie ukweli, mara ya pili ile sinema imepungua. Mwanza tulikuwa tunatazama bastola. Leo nimeitazama nikiwa katikati ya wafugaji, na mzee mmoja akauliza, "Ng'ombe wembamba namna hii wanaibwa na nani, na kwa njaa gani?" Nikawatazama vizuri. Nikaona hata mimi nisingewaiba.

Tukafika pale Bwana Kofia anapokwenda nyumbani kwa yule msichana kuposa. Baba wa msichana anatoka, wanapeana mikono. Nikaeleza kwa madaha, "Sasa anamsalimu mkwe kwa heshima."

Mara kutoka nyuma ya shuka sauti ya mwanamke ikapasuka. "Heshima gani? Ametoa mkono wa kushoto!" (Alisema kwa Kisukuma. Nawawekea Kiswahili kwa ajili ya Athumani.)

Wanawake wote, "Kushoto! Kushoto!"

Nikacheka. Nikasema kwa upole, "Mama, ni wa kulia."

"Yaya, hapana! Ni wa kushoto. Na bastola amevaa kushoto. Mtu wa namna hiyo mimi simpi binti."

Wanaume wakaguna. Sisi sote tulikuwa tumeona wa kulia! Ghala zima la wanaume, wenye macho yao! Nikasema, "Mama, mimi nimeona sinema hii Mwanza."

"Na mimi nimelea watoto. Mkono wa kushoto naujua bila kwenda Mwanza."

Upande wa kule wakapiga vigelegele. Vigelegele, kwa kosa! Damu ikanipanda. Mtu amekosea waziwazi na anashangiliwa! Mzee Shija akanivuta shati. Nikautoa mkono wake. Nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mizani ya pamba, "Mama, kama kulia na kushoto hukujui, ugali nyumbani unakula kwa mguu?"

Wanaume walicheka mpaka magunia yakadondoka dirishani. Kule nyuma vigelegele vikakatika. Nikadhani nimeshinda. (Jamani.)

Kisha ile sauti, polepole sasa, "Haya. Wamemkaribisha chakula. Ameshika kijiko. Wewe mjuzi, njoo huku uniambie ameshika kwa mkono gani."

Naenda! Siogopi! Nikaruka mabenchi, nikainua pembe ya shuka, nikajitosa upande wa pili huku nikisema, "Yuko wapi huyo mama wa macho kinyume?"

Nikainua uso kwenye shuka. Bwana Kofia alikuwa anakula maharage kwa mkono wa kushoto.

Nikafumba macho, nikafumbua. Kushoto! Baba wa msichana, kushoto! Msichana anamwaga kahawa, kushoto! Ukoo mzima umepinda! Nikabaki nimeachama, nikajisikia nikisema, "Kushoto..."

"Sema kwa nguvu," ile sauti ikasema, karibu kabisa na kiwiko changu.

Nikageuka. Mama mmoja amekaa juu ya gunia, mgongo umenyooka, amejifunga kaniki. Pembeni yake amekaa Kabula, amejifunika uso kwa viganja. Kabula akasema kwa sauti ndogo, "Mama, huyu ndiye Masanja."

Tukatazamana. Mimi na mama mkwe wangu. Uso kwa uso!

Yeye akajifunika kaniki kichwani. Mimi nikafanya anachotakiwa kufanya kila mkwe mwenye adabu: nikakimbia. Lakini pori halikuwepo. Lilikuwepo shuka. Nikalivaa zima zima, nikaenda nalo, kamba ikakatika, nikaangukia goti kwenye chuma cha mizani (ndiyo hiyo suruali), nikabingirika katikati ya ghala nimezongwa kama maiti.

Na shuka lilipoanguka, jamani, Masumbwe nzima ikatazamana na wakwe zake. Mayowe! Mtu mzima na ndevu zake alitumbukiza kichwa kwenye gunia la pamba. Mwingine alitoka dirishani. Karani wa ghala alijikuta mbele ya mama mkwe wake, akamwamkia shikamoo, akakumbuka, akakaa chini. Wanaume na wanawake wakakimbilia mlango mmoja, wakaonana upya, wakarudi, wakakimbilia mwingine. Na Saidi hakuzima mashine! Mimi nimelala pale nimefungwa, na ng'ombe wote wa Bwana Kofia wakanipitia tumboni, mmoja mmoja, wembamba vilevile.

Nilipotoka nje sikumtazama mtu. Nikakaa barazani kwenye cherehani yangu. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na hofu. Nilimwona Kabula moyoni, nikaona na wale ng'ombe wakirudi Shinyanga kwa baba yangu, naye akiniuliza nilifanya nini. Ningemjibu nini? Kwamba nilimkosa mke kwa ajili ya kijiko?

Saidi akapita, anakunja nyaya. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba nyuma picha inageuka. Akasema, "Hukuuliza." Hukuuliza!

Mzee Shija alikuja jua limeelemea, kutoka alikokwenda kupokea neno.

"Nilikuambia nini asubuhi?"

"Nikae kimya."

"Ulikaa?"

Nikanyamaza. (Sasa!)

"Mama Kabula anasema hivi," akaendelea. "Lile neno la ugali faini yake ni mbuzi, na ni mbuzi mnene. Kuhusu binti, anasema kijana ana mdomo, lakini shuka lilivutwa na kukanyagwa na watu wote wale na mshono haukufumuka hata mmoja. Mwenye kushona hivyo ataweza kulea. Amebakiza jambo moja tu. Ubishi haujaisha. Yuko pale nyuma ya ua wa minyaa. Usimwone. Sema kwa sauti, watu wasikie, mkono ulikuwa upi."

Jamani! Nikaruka. "Mzee, ulikuwa wa kulia! Kule nyuma picha inageuka, muulize Saidi! Bwana Kofia si wa kushoto, hajawahi kuwa wa kushoto, nimemwona Mwanza, nimemwona leo!"

Mzee Shija akangoja nimalize. Kisha akasema, "Masanja. Unataka mke, au unataka mkono?"

Nikatazama ua. Nyuma ya minyaa niliona kipande cha kaniki, na pembeni yake ncha ya khanga ninayoijua, mimi ndiye niliyeushona upindo wake. Ile khanga ilikuwa inatetemeka. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Nikasimama katikati ya gulio. "Kushoto, mayu!" (Athumani, mayu ni mama.)

Kisha ile sauti, ambayo sasa nitaijua hata usingizini: "Sijasikia vizuri."

"KUSHOTO!"

Wauza dagaa wakageuka. Wauza sufuria wakageuka. Wanaume wenzangu, wale wale waliouona wa kulia pamoja nami, wale wale waliocheka mpaka magunia yakadondoka, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kunitetea. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Na wengi wao hawakuwa na viatu.

"Haya," ile sauti ikasema. "Ng'ombe wabaki."

Basi nimepata mke, ndugu zangu, na harusi ni baada ya mavuno, njooni. Hukumu yangu ya ile sinema: sitaisifu tena, ng'ombe ni wembamba na mtu mwenyewe hajui kuonyesha mkono wake vizuri. Zile za zamani zisizo na sauti ndizo bora kuliko zote, na leo nimejua sababu: humo ndani hakuna anayebishana.

Msicheke. Na wewe Athumani, najua umeshaanza. Wewe una mama mkwe Ujiji. Niambie, kwake yeye, kulia ni upande gani?