Bastola ya Guka na Luteni Wethersby

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale.
Nimepata bastola! Nilikuwa nabomoa ghala la marehemu Guka, babu yangu, nikaikuta chini ya mbao, imefungwa kwa gunia. Imeshika kutu hadi haifyatuki. Ya Vita vya Pili, bila shaka. Mungu yuko! Mzee Khisa wa Bungoma, babake Pauline, ni mwanajeshi mstaafu, na husema anataka mkwe wa damu ya askari. Festus, yule muuza dawa za ng'ombe anayemtaka Pauline kama mimi, babake alikuwa sajini. Anajigamba nayo hadi kanisani. Sasa tutaonana.

Jumanne, 4 Machi.
Utafiti umeanza. Nimemwuliza Shangazi Gathoni kama Guka alikuwa na cheo kwenye Keya, lile jeshi la wakoloni. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Ati Guka alikuwa mpishi! Alimpikia afisa mmoja mzungu vita vyote. Shangazi hajui historia. Nimemwachia chai yake.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimesugua mpini kwa mafuta ya taa. Jina limetokea! Lt. A. Wethersby. Si Kiragu, jina la Guka, hata kwa mbali.
Nikamtafuta kwenye simu. Yuko, na picha yake: mwembamba, masharubu, amesimama mbele ya hema. Nyuma yake kuna mtu ameshika mwiko. Masikio ni ya Guka.
Nimekaa mlangoni, roho inaniuma. Nampenda Pauline.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimenunua msasa. Wethersby amekwisha. Nimempigia Pauline nikamwambia nina ushahidi kwamba Guka alikuwa luteni. Akaniomba nije mikono mitupu, nije tu mimi. Hajui mkakati.

Jumamosi, 8 Machi. Bungoma.
Bastola imesafiri chini ya kabichi. Nilimkuta Festus ameshafika na picha ya babake, imetiwa fremu. Nikaweka bastola mezani. Festus akaigeuza picha yake.
Mzee Khisa akauliza ni ya nani. Nikasema ni yetu, ya Guka, na sasa ni yangu. Akauliza tena, polepole, kama haikuwa na jina la afisa. Ingekuwa nalo, alisema, tungeipeleka makavazi pamoja, na mimi ningeshukuriwa. Nikaapa haijawahi kuwa na jina.
Akavaa koti. "Si umesema ni yako? Na leseni huna. Basi twende kituo, bana."

Jumapili, 9 Machi.
Nimelala ndani. Niliwaeleza polisi habari za Wethersby. Wakauliza jina liko wapi. Nikasema nimelifuta. Koplo akaacha kuandika, akaniangalia kwa huruma.
Mchana Mzee Khisa amekuja kunidhamini. Pauline alikuwa naye, macho mekundu, ameniletea mandazi. Ameshamwambia babake kuhusu mwiko wa Guka, maana Shangazi Gathoni alimpigia. Mzee akasema jeshini hakuna mtu aliyependwa kuliko mpishi. Kwamba ningesema ukweli, angenikubali jana ileile. Nikaona aibu, nikaweka mandazi chini. Amenipa Jumapili nyingine, nije niseme sisi ni watu gani.

Jumatatu, 10 Machi. Kitale.
Nimewaza usiku kucha. Mpishi, sawa. Lakini mpishi wa luteni ni mpishi mdogo. Asubuhi nimempigia Mzee Khisa nikamwambia Guka alimpikia jenerali. Amefurahi sana, anataka kujua ni jenerali gani.
Sasa natafuta jenerali.