Kifungu cha Saba cha Kanuni za Mnana

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la dagaa kuloa limepatiwa ufumbuzi shirikishi, endelevu, wenye huruma, na uliobuniwa na ndege.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kuiga Viumbe. Wanawake wanaoanika dagaa kwenye mwalo, ufuko wanaposhushia wavuvi, jirani na Busisi walituandikia wakiomba banda: nguzo nne, bati juu, kabla mvua za vuli hazijawaozeshea mzigo. Ombi lilikuwa fupi mno kutekelezeka. Hatua ya kwanza ya fikra bunifu ni huruma, kwa hiyo tuliwahurumia siku tatu mfululizo, hotelini, Mwanza mjini.

Siku ya tatu Mkurugenzi wetu, Bwana Kashindye, alimwona mnana dirishani, yule ndege wa manjano anayefuma kiota juu ya maji.

"Basi!" akasema. "Asili imeshachora ramani. Sisi ni nani tubishane nayo?"

Niliandika kanuni kurasa arobaini. Sijisifu, lakini Kifungu cha Saba kilinitoa machozi: "Dume atajenga. Jike atakagua. Asiporidhika atabomoa, na dume ataanza upya kwa mikono yake mwenyewe." Mkurugenzi alisaini bila kusoma, kama inavyompasa kiongozi anayewaamini wasaidizi wake.

Wiki mbili baadaye banda likasimama. Samahani, lilining'inia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lilipendeza. Lilikuwa tufe kubwa la mafunjo lenye mlango mmoja, chini.

Siku ya uzinduzi tulimkaribisha Mama Teodora, mwenyekiti wa waanikaji, aingie wa kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema Mkurugenzi.

"Marahaba, baba. Naingilia wapi?"

"Huku chini. Unainama, halafu unajisukuma juu."

"Na beseni la dagaa kichwani?"

"Mnana anaweza, mama."

"Mnana hana magoti haya."

Wenzake wakaangua kicheko. Hapo mvua ikashuka, ingawa haikuwemo kwenye ratiba. Banda lilichuja maji kwa ufanisi mkubwa, yote yakamwagikia dagaa tuliowatandaza chini yake kwa ajili ya picha. Ulikuwa mzigo wa Mama Teodora wa wiki nzima. Aliwashika, akawanusa, na kicheko chake kikaisha.

Akachomoa kanuni zetu kwenye kanga. Tulimpa nakala kwa ajili ya uwazi. Kumbe alikuwa amezisoma! Hatari hiyo hatukuitathmini.

"Kifungu cha Saba," alisema. "Jike ndiye mimi?"

"Kitaalamu, mama, jike ni mtumiaji," nilijibu.

"Haya, mtumiaji hajaridhika. Akina mama, twendeni!"

Walitumia dakika nne kulibomoa.

"Na dume ni nani?" akauliza, huku akipangusa mikono.

Nilifungua ukurasa wa mwisho. Sahihi ilikuwa moja tu.

Viota vitatu vilivyofuata navyo vilibomolewa. Mikono ikiwa imejaa malengelenge, Mkurugenzi akauliza swali ambalo kamati haikuwahi kulifikiria.

"Mama, hivi hasa mnataka nini?"

"Nguzo nne, baba. Bati juu."

Jana alilimaliza banda hilo. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama Teodora aliingia wima, beseni kichwani, akazunguka polepole, akatazama juu. Mkurugenzi alikuwa amebana pumzi.

"Zuri," alisema Mama Teodora.

Mkurugenzi akaokota tai yake ya shingoni, tayari kuondoka.

"Ila kona ile inavuja."

Akaitundika tai kwenye msumari, akarudi juu ya paa. Mimi nilishika ngazi.