Wanaomzoesha Apolinari Raha

Wodi ya Wanaume,
Chini ya kitanda cha dirishani,
Novemba, 1982.

Ndugu Mganga Mkuu, mtani wangu,

Shikamoo sikupi, wewe ni kijana. Nipe wewe, nami nimekwisha itikia: marahaba.

Mimi ni Anisia ng'wana Makoye wa Ushirombo, bibi yake Apolinari, yule mchimbaji dhahabu wa Bugarama mwenye saratani ya damu. Shule sikuiona hata kwa dirisha. Anayeandika ni katekista Gelasius, lakini maneno ni yangu. Amejaribu kuyatia asali, nimemkatalia. Wewe Mzaramo na mimi Msukuma tunataniana tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani, kwa hiyo kukasirika huna haki.

Jumatatu ulituambia wazi kwamba damu ya Apolinari imeharibika, kwamba hapa hakuna dawa ya kuiponya, na kwamba mvua za masika hatazifikia. Nilikushukuru, maana wengine hutuzungusha. Jana mifupa ilipomchachamalia nikakuomba ile sindano ya mofini iliyomo kwenye kabati lako la chuma. Ukasema apewe moja tu jioni, kwa sababu akichomwa kila maumivu yanapomjia ataizoea, na akiizoea hataweza kuiacha.

Nimeyatafakari maneno yako nikaona kumbe ni busara kubwa. Mtu asiyefika masika akiharibika tabia, ni baba gani atampa binti? Ndiyo maana naleta malalamiko, kwani agizo lako linavunjwa kila siku humu humu wodini mwako.

Kwanza ni muuguzi Philomena. Humgeuza ubavu asipate vidonda, humlowesha midomo kwa pamba, tena humwambia, "Pole kaka, namaliza sasa hivi." Apolinari amekwisha mzoea. Akisikia tu ndala zake zinakuja, uso unamfunguka. Naomba aonywe, na akirudia apelekwe stoo akahesabu mabeseni.

Pili ni uji. Anapewa kila asubuhi, na kila asubuhi anautaka tena. Dalili hizo unazijua kuliko mimi.

Tatu ni Mzee Kalisti wa kitanda cha jirani, yule aliyekatwa mguu. Huyu ni hatari. Juzi alimwambia Apolinari, "Ukitangulia mbinguni, kijana, nishikie nafasi kwenye foleni. Mimi nitachelewa, nakuja kwa mguu mmoja, na ninavyowajua hawa, hata huko sukari itakuwa ya mgawo." Apolinari alicheka mpaka fizi zikatoka damu, kisha akaomba aambiwe tena. Kicheko kinazoeleka kuliko mofini, na hakina hata kabati la kukifungia.

Nne ni padri. Kila Jumapili anamletea Komunyo. Amemzoesha Mungu, na sasa Apolinari anasema hawezi kumwacha. Kama huo si ulevi, niambie ulevi ni nini.

Tano ni mimi mwenyewe, na hapa kosa ni la siku nyingi. Epifania, mama yake, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nikamzoesha maziwa ya ng'ombe. Nikamzoesha mgongo wangu, nikamzoesha michembe ya viazi vitamu yenye karanga, nikamzoesha kuniita mke wake kama wajukuu wa kwetu wanavyotutania sisi bibi zao. Mtu mzima huyu, ameshuka mashimoni na kupanda, mpaka leo hajaniacha. Maumivu yakimpanda namkanda miguu, naye ananishika kitenge hakiachii. Nikamateni.

Sita ni wewe. Kila asubuhi unasimama pale na kuuliza, "Umeamkaje, Apolinari?" Amezoea kuulizwa. Siku usipopita anatazama mlango mpaka mchana. Tena lipo jambo lingine nisingelisema kama tusingekuwa watani. Mwezi uliopita, jino lilipokushika, wodi nzima tulisikia ulivyoomba sindano. Hatukusikia mtu akiuliza kama jino litaizoea.

Basi naomba sheria iwe moja. Uji usimame. Philomena asimguse, Kalisti afungwe bandeji mdomoni, padri abaki kanisani, nami nirudishwe Ushirombo kwa lori la kwanza la pamba. Apolinari abaki na maumivu yake peke yake, awe kijana mwenye tabia njema mpaka mwisho. Na siku ya msiba usikose kuja, maana mtani ana kazi yake matangani. Ila hatutakupa kiti wala ugali, usije ukavizoea.

Nakomea hapa, Gelasius anasema mkono umemfa ganzi. Msalimie mkeo, wasalimie watoto, mpishi wa hospitali, na huyo anayetunza ufunguo wa kabati. Sisi huku wodini hatujambo, isipokuwa mmoja.

Ni mimi niliyeweka dole gumba hapa chini,
Anisia ng'wana Makoye.

Nyongeza: Gelasius amemsomea Apolinari barua hii. Nilidhani atacheka, hakucheka. Amesema, "Bibi, mwambie daktari nitaiacha. Anichome tu sasa, na siku yangu ikifika nitaiacha bila kusukumwa na mtu." Basi, mtani, yote niliyoandika huko juu yachane. Philomena umwache na pamba yake, na Kalisti aseme mpaka achoke. Utani nimeuweka chini. Barua hii naileta mwenyewe, nipo hapa mlangoni pako na sindano ya jioni bado iko mbali. Fungua kabati, mjukuu wangu.