Injini Inayojizima Bila Idhini ya Baba

Sekei, Arusha

Kwa Mhandisi Uliyebuni Injini Kujizima Gari Linaposimama,
Kiwandani, Ng'ambo.

Kabla ya salamu nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo inayoniamsha. Ni sauti ya milango miwili ya gari kufunguka kwa mpigo mmoja, mara tu baada ya kimya. Kwap, kwap. Baada yake nasubiri mlango wa tatu, na haufunguki.

Sasa salamu. Shikamoo. Sijui umri wako, lakini mtu anayeweza kuzima injini ya mwenzake kutoka ng'ambo bila shaka amekula chumvi nyingi. Kama umenizidi elimu tu na si miaka, tafadhali nirudishie shikamoo yangu kwa njia ya posta.

Jina langu ni Tabea Aminieli Sumari. Nimezaliwa Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Nimesoma kemia, na kazi yangu ni kupima floridi kwenye maji ya kunywa katika maabara moja hapa mjini. Nakutajia kazi yangu ili ujue kwamba siandiki kwa hasira. Nimezoea kupima kitu kisichoonekana na kusema kama kimezidi. Chako kimezidi.

Mwaka huu nilinunua gari dogo lililotumika kutoka kwenu. Ni zuri na halina makuu. Lakini likisimama kwenye mataa nikiwa nimekanyaga breki, injini hujizima yenyewe. Nikiachia breki, hujiwasha yenyewe. Hukumuuliza mtu kabla ya kuamua hivyo. Hasa hukumuuliza baba yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wazazi wangu walishuka.

Ili uelewe, inabidi uijue pikapu yetu. Stata yake ilikufa nikiwa darasa la pili, na Baba akasema itatengenezwa kahawa ikiuzwa vizuri. Kahawa imeshauzwa vizuri zaidi ya mara moja. Stata bado. Tangu hapo familia yetu inaishi kwa miteremko. Baba, Mzee Aminieli, ni mkulima wa kahawa na migomba na pia ni mzee wa kanisa, na kokote aendako huegesha pikapu ikitazama bondeni, ili akitaka kuondoka aiachie ishuke, atie gia, iwake. Hatuna rafiki wa karibu anayeishi kwenye tambarare. "Rafiki wa tambarare ana gharama," Baba husema. Na ikitokea imezima mahali pasipo na mteremko, kuna sheria moja niliyoijua kabla ya jedwali la kuzidisha: ukisikia kimya, shuka usukume. Haulizwi nani. Kila mwenye bega anashuka.

Basi Jumamosi moja niliwapakia Baba, Mama na mchumba wangu Gerson kwenda mjini. Gerson alikuwa karibu kuleta mahari, na Baba, ambaye hamwamini mtu yeyote katika mambo ya baridi, alitaka achague mwenyewe blanketi atakaloletewa. Baba alikaa mbele, Mama na Gerson nyuma. Tulipofika mataa ya Sanawari taa ikawa nyekundu. Nikasimama. Injini ikanyamaza.

Kwap, kwap.

Nilipogeuka, Baba alikuwa nyuma ya gari ndani ya suti yake ya baraza la wazee, mikono juu ya buti, na Mama kando yake amevua viatu amevibana kwapani. "Tia gia ya pili, mwanangu!" Baba alipiga kelele. Gari langu halina gia ya pili ya kutia, nami nilikuwa nimekanyaga breki, kwa hiyo walikuwa wanasukuma kitu kisichosukumika, wakiamini ni kizito kwa sababu ni kigeni. Bwana mmoja aitwaye Shamsudin, anayeuza chaja na miwani pale pale kwenye mataa, akatua bidhaa zake akaja kuongeza nguvu. Taa ikawa kijani. Honi zikaanza. Nikaachia breki kwa mshtuko, gari likawaka likaondoka, na kwenye kioo nikawaona watatu hao wamebaki katikati ya barabara na mikono yao mbele, kama watu wanaotoa baraka.

"Mama," Shamsudin alimwambia mama yangu, "samahani, lakini hilo gari lenu lina dharau."

2. Gerson hakushuka.

Gerson ni mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa amesoma kitabu chote cha gari langu kwa Kijapani, ukurasa kwa ukurasa, akitafsiri kwa kamera ya simu. Kwa hiyo alijua. Alibaki kwenye kiti, mkanda umefungwa, akawaambia wazazi wangu kupitia dirishani: "Ni mfumo tu, wazee wangu. Unaokoa mafuta. Rudini ndani."

Nilipoegesha mbele kidogo wakanifikia, Baba alirudi ndani. Dukani alilishika blanketi, akalipima kwa kiganja, akalikunja vizuri na kulirudisha kwenye rafu. Usiku alimwambia Mama, na Mama akaniambia mimi: "Nimeliona bega la yule bwana. Ni jipya kabisa."

Mahari ikasimama. Blanketi liko dukani hadi leo, na Baba anaendelea kulala na lile la zamani ambalo mguu wake mmoja umelitoboa. Nakuomba ulione jambo lenyewe jinsi lilivyo, Mhandisi: nilitaka kuolewa na Gerson, na baba yangu hawezi kumtoa binti yake kwa mtu asiyeshuka.

3. Ubunifu wako haueleweki kwa kuelezwa.

Tulijaribu. Gerson alikuja Nkoaranga, nikaweka gari kwenye uwanja tunaoanikia kahawa, akalisimamisha, likazima, likawaka, likazima. Baba alilizunguka mara mbili.

"Ng'ombe wangu akilala njiani," alisema, "halafu jirani aniambie kajizima ili aokoe majani, mimi nimwite nani? Daktari wa mifugo au mchungaji?"

"Baba, hili si ng'ombe," alisema Gerson.

"Naona. Kwa hiyo linazima lenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Na linawaka lenyewe?"

"Lenyewe kabisa."

"Na wewe unafanya nini?"

Gerson akaenda kulitafuta jibu kwenye kitabu cha gari.

4. Umeondoa ngurumo bila kujua ilikuwa inafanya kazi gani.

Hili ni langu peke yangu, nami naliandika kwa shida. Miaka minne nimemsikiliza Gerson ndani ya magari ya watu, juu ya injini za watu. Nilikuwa nikimuuliza, "Unanipenda?" naye anajibu kitu, injini inanguruma, nami naridhika. Sasa nilimuuliza tena pale Sanawari, jioni, tukiwa wawili. Injini ikanyamaza kabla hajajibu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia vizuri. Alisema, "Mm."

Nimelifikiria hilo sana. Nadhani siku zote alikuwa anasema "mm", na ngurumo ndiyo iliyokuwa inammalizia sentensi. Mtu asinyang'anywe kitu cha namna hiyo bila taarifa.

5. Mfumo wako unaambukiza.

Mama sasa akiombwa chai anakaa chini na kusema, "Nimesimama kwenye mataa, Baba Tabea. Ukiachia breki nitawaka." Baba hajui breki iko wapi. Chai inachelewa. Kwenye kwaya ya usharika, sauti ya pili ilinyamaza katikati ya wimbo, na mwalimu alipouliza kulikoni wakajibu kwamba wanaokoa. Mbuzi wetu mmoja pia amebadilika, ingawa huyo sina ushahidi naye.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

(a) Injini isijizime kabla ya kutangaza, kwa Kiswahili kisha kwa Kimeru: "Nanyamaza kidogo, naomba msishuke."

(b) Umwandikie Baba barua yenye mhuri, ukithibitisha kwamba gari lililozima kwenye mataa ni zima, lina afya, na kwamba kubaki ndani yake si uvivu. Baba haamini kitu kisicho na mhuri, isipokuwa Biblia.

(c) Kwa kuwa aliyezima gari ni wewe, si Gerson, na kwa kuwa kwetu mkosaji hamtumi mtu, uje mwenyewe Nkoaranga ukiwa umeshika jani la isale, ambalo huku mlimani ndilo la kuombea radhi, umwombee Gerson kwa baba yangu. Uje na blanketi. Ukifika, egesha ukitazama bondeni.

Nilikuwa nimefika hapo, natafuta bahasha, Jumapili ikaingia. Inabidi niongeze la sita.

6. Tope.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilimchukua Gerson twende ibadani kwetu, Baba amwone akiwa ameketi kanisani, mahali ambapo kuketi ni adabu. Chini kidogo ya kanisa, kwenye kipande pekee cha tambarare katika usharika wote, gari liliingia kwenye tope likakwama. Injini ikanyamaza. Niliachia breki: kimya. Nikakanyaga, nikaachia tena. Taa zote za dashibodi zikawaka, kisha zote zikafa. Betri ilikuwa imekwisha, imechoshwa na mataa. Hapo hapakuwa na mfumo wako, Mhandisi. Palikuwa na gari bovu, la kawaida, kama la kwetu.

Nilisikia kimya. Nikashuka.

"Ni mfumo tu, Tabea," alisema Gerson kutoka ndani. "Subiri."

Baba alishatuona kutoka mlangoni mwa kanisa. Aliteremka akikimbia, na Mama nyuma yake, na nyuma ya Mama sauti ya pili yote na majoho yao yamekunjwa hadi magotini. Tukajipanga. Gerson, kupitia kioo alichokuwa amekishusha upana wa kidole tu kwa sababu ya mvua, akatuelimisha: "Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa."

Alikuwa sahihi. Naomba iandikwe mahali kwamba alikuwa sahihi kila mara: Sanawari, uwanjani kwenye kahawa, na hata pale kwenye tope, kuhusu otomatiki. Lakini sisi hatukusukuma ili liwake. Tulisukuma ili litoke. Naye tulimsukuma pamoja nalo.

"Bwana harusi mzito huyu!" alisema mmoja wa waimbaji.

"Muache," alijibu mwenzake. "Kafunga mkanda, hatadondoka."

Lilipotoka, Baba alijifuta mikono kwenye suruali ya suti yake ya baraza. Hakumtazama Gerson. Alinitazama mimi, uso wote matope, na hakusema kitu. Na safari hii hapakuwa na ngurumo ya kummalizia.

Kwa hiyo ombi (c) nalifuta, isipokuwa blanketi.

Jioni, fundi alipokwisha kuweka betri nyingine, nilimrudisha Gerson kwao Lemara. Nje ya geti lao nilisimama. Injini ikanyamaza, nami nikamwambia kwamba uchumba wetu umekwisha. Alitabasamu kwa huruma. "Umezima kidogo tu, Tabea. Utawaka." Nilimwomba ashuke. Akashuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushuka kwenye gari langu likiwa limezima, na mlango aliufungua taratibu, kwa adabu sana.

Ule ndio mlango wa tatu. Nimeusikia sasa.

Wasalimie wahandisi wenzako, hasa wa breki, ambao sina neno nao. Msalimie mzee wako kama yupo. Wa kwangu ameuliza mara mbili alikulea vipi. Mama anakusalimu kutoka kwenye mataa yake. Shamsudin wa Sanawari naye anakusalimu na anauliza kama unahitaji miwani.

Ni mimi, niliyesukuma,

Tabea Aminieli Sumari

N.B. Tafadhali puuza nambari 1 hadi 6, na maombi yote, pamoja na blanketi. Baba amejinunulia mwenyewe. Jumanne aliazima gari langu kwenda Tengeru. Lilizima njiani, kwenye tambarare, hakuna mteremko mbele wala nyuma, naye alikuwa peke yake. Kabla hajashuka likawaka. Alirudi nyumbani mpole kama mtu aliyetokewa na malaika. "Huyu mhandisi," alimwambia Mama, "amemaliza milima." Halirudishi tena. Jioni hutoka na tochi kwenda kulitazama. Ameniagiza nikuulize kama mfumo wako unauzwa nusu: nusu ya kuzima pikapu inayo tangu zamani, angeomba ile ya kuwasha tu. Nimemjibu asikusumbue, maana tumebadilishana na pikapu sasa ni yangu. Jana niliishusha mpaka hapa Sekei ninapopanga, nikazunguka mtaa mzima nikitafuta sehemu isiyo na mteremko hata kidogo, nikaipata mbele ya geti, nikazima. Stata sitaweka. Anayetaka kuja kunichumbia anakaribishwa asubuhi, kabla sijaenda kazini.