Mguu Ulinishika Kando ya Kaburi ya Mwalimu

Wenzangu wa vidonge, leo nimeaibika kaburini. Kaburi ya mtu mwingine, sio yangu. Bado.

Niko hapa saa hii na kiatu moja. Nimechoka. Wacha niwaambie tu.

Asubuhi nimeamka macho imefura kama mandazi. (Hii dawa yetu ya kansa ya damu, mnaijua.) Machozi inatiririka yenyewe, hata sina huzuni. Nikameza kidonge na uji, nikaomba, nikaenda Kyumbi kumzika mwalimu wangu wa ngumbaru. Huyo mzee alinifundisha kusoma nikiwa tayari na watoto wanne. Singekosa.

Sasa, huko hakuna mtu anajua mimi ni mgonjwa. Hata kanisani sijasema. Ni siri ya bwana yangu, mimi na Mungu.

Nimekaa nyuma. Machozi tiriri! Leso ya kwanza imelowa. Ya pili pia. Mjane mwenyewe macho makavu! Dada za marehemu wakaanza kugeuka.

"Yule ni nani? Analia kuliko mwenye bwana!"

Nikawatabasamia. (Kosa. Macho ikifura halafu utabasamu, unakaa mlevi.)

Ikafika kurusha udongo. Nimesimama tu pale ukingoni, mguu ukanishika. Misuli ikajikunja kama kamba! Nikapiga nduru:

"Ũũi! Yesu! Nakufa!"

"Mshikeni! Anajirusha ndani!"

Wanaume watatu wakaninyanyua juu kwa juu. Kiatu yangu ya Jumapili ikaanguka kaburini, kó! juu ya sanduku. Mchungaji akafunga Biblia. Mjane akanijia pole pole.

"Mwaitũ, mama, wewe na bwana yangu mlijuana wapi?"

"Alikuwa mwalimu wangu. Wa jioni."

"Wa jioni?"

Watu wote: "Mmmh!"

"Na hiyo jioni alikuwa anakufundisha nini?"

"A, e, i, o, u!"

Nani ataamini? Miaka yote mimi ni mama wa maombi, leo nizikwe kama bibi ya pembeni! Ama niseme ile siri? Nikaangalia juu. Nikafungua mkoba, nikainua pakiti ya vidonge.

"Niko na kansa ya damu. Mwaka wa pili huu. Haya machozi ni dawa. Mguu pia ni dawa. Nisameheni."

Mjane akapiga magoti kwa udongo, akashika mguu wangu, akaanza kuusugua.

"Alikuwa ananiambia kuna mama anaandika 'b' ikiangalia nyuma. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akacheka. Akacheka mpaka yeye pia akalia, yale machozi alikuwa amekataa kutoa tangu asubuhi.

Kiatu wameizika na mwalimu. Mchungaji amesema haifukuliwi.

Basi msicheke sana. Mwalimu anitunzie hiyo kiatu, nitaichukua nikifika. Lakini asiwe na haraka, bado niko na vidonge za wiki tatu.