Milimita Mia Tatu na Kumi na Mbili

Leo nimeaibika mbele ya koo mbili. Naandika kwenye simu kwa mkono mmoja, kwa hiyo mnisamehe herufi zikirukana.

Wanaonifahamu wanajua nina kituo changu cha hali ya hewa. (Wasionifahamu: mimi ni mwalimu wa jiografia, nakaa Kilema, na nilikuwa na kiburi kidogo. Kimeisha leo.) Kituo chenyewe ni kikombe cha kupimia mvua kilichofungwa juu ya nguzo. Kinatuma hesabu hewani mpaka kwenye skrini iliyo ukutani sebuleni kwangu, na kwenye simu pia. Kihamba changu, yaani shamba linalozunguka nyumba, kimesongamana migomba na mibuni, na kipimo kinataka mahali peupe. Ndiyo maana nilikisimika kwenye uwanja wa kaka yangu Protasi, jirani hapo tu.

Kila asubuhi nasoma skrini na kikombe cha chai mkononi, kisha natangaza kwenye kundi la kijiji. Watu wananiuliza kama waanike kahawa. Wengine wananiuliza kama wafue. Wameanza kuniita Mzee wa Mawingu na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naitika.

Sasa leo ilikuwa siku ya Manka, binti wa kaka Protasi. Mimi ni baba yake mdogo. Wakwe watarajiwa walikuwa wanatoka Sanya Juu kuleta mbege ya posa. Kwetu pombe hii ya ndizi na ulezi si kinywaji tu. Mkiipokea, mmekubali mchumba. Mkiirudisha ikiwa njiani, mmemkataa, na hata mseme nini baadaye, mmeshamkataa. Tena mbege haina subira. Inapikwa kwa hesabu ili iive siku ileile ya shughuli. Ukiichelewesha, unakaribisha watu kunywa siki.

Jana jioni mafundi wa turubai walikuja kufunga hema kwenye uwanja wa kaka. Wakakuta nguzo yangu iko katikati. Nikasema hakuna shida, nikaing'oa mwenyewe, nikaisogeza hatua nne, nikaichomeka pembeni ya hema.

Fundi mkubwa akaangalia juu, akaangalia chini.

"Mwalimu, hapo maji ya turubai yatamwagikia humo."

"Kijana," nikamwambia, "mimi nafundisha jiografia."

Akarudi kwenye kamba zake. (Ningemsikiliza.)

Wiki nzima redio ilikuwa inazungumzia kimbunga kilichokuwa baharini, kwamba mvua zake huenda zikafika mpaka huku kwetu. Usiku ikanyesha kweli. Mnajua mvua juu ya bati. Hata manyunyu yakipiga bati unaanza kutubu dhambi. Nikalala nikijua kimbunga kimepanda mlima.

Asubuhi saa kumi na mbili nikaenda sebuleni. Skrini imeandika 312. Nikafuta macho. 312! Milimita mia tatu na kumi na mbili kwa usiku mmoja! Niliweka chai chini.

Nitawaambia ukweli, maana sina tena cha kuficha. Sikuogopa. Nilifurahi. Nilijiona nimeandikwa kwenye vitabu. Nikapiga picha ya skrini mara tano. Dirishani kulikuwa na ukungu mweupe tu, siuoni hata mgomba wa kwanza, nikasema ndio huohuo, dunia imeisha. Sikutoka nje. Nitoke nje kufanya nini, wakati nina kifaa?

Nikaandika kwenye kundi: TAHADHARI KUBWA. KIMBUNGA KIMEFIKA KILEMA. MILIMITA 312. Halafu nikamtumia ujumbe mshenga wa wakwe, Mzee Urbani, baba mkubwa wa mchumba wa Manka: "Mzee shikamoo. Tafadhali msipande huku leo. Daraja halipitiki."

(Daraja sikuliona. Nililikokotoa.)

Kisha nikakaa mezani kuchora grafu. Nilichora grafu saa tatu nzima, jamani. Kwa rula na kalamu za rangi mbili.

Saa nne simu ikaita. Mzee Urbani.

"Mwalimu, ujumbe wako nimeuona sasa hivi. Tumeshafika Himo."

"Mzee, msisogee hapo! Hali ni mbaya!"

"Hapa jua linatuchoma."

"Himo ni chini, mzee. Mlimani ni habari nyingine."

"Mlima wenyewe tunauona. Tunaiona Kibo yote, mpaka theluji yake. Na hapa kuna mama ameshuka na ndizi kutoka huko kwenu. Anasema daraja liko salama, amelipita sasa hivi."

Hapa ndipo ningejiuma ulimi. Badala yake nikasema, "Mzee, mwenye vifaa ni nani? Mimi au huyo muuza ndizi?"

Nasikia malori yanapita. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayesoma hukumu: "Sawa, mwalimu. Kama hamtutaki, mngetuambia tukiwa Sanya Juu. Mapipa yameanza kutoa povu." Simu ikakatika.

Nikaona bora niende kwa kaka nimweleze kwamba wageni wamekuwa wakali kidogo. Nikavaa mabuti ya mvua. Nikachukua mwavuli. Nikafungua mlango.

Jua.

Jua la kuanika kahawa! Ukungu umeondoka, anga ni bluu, kuku wanachakura. Njia ina tope la kawaida. Nikatembea na mwavuli wangu mpaka uwanjani kwa kaka, na huko nikakuta wazee wa ukoo wameketi chini ya hema, suti zimepigwa pasi, sufuria za mtori zinafuka, na viti vya wageni vyote vitupu. Mama yangu amekaa mbele na kilemba chake kipya. Wote wakageuka. Wakaangalia mabuti.

"Wageni wamefika wapi?" akauliza kaka. (Kaka hasomi kundi la kijiji. Anasema lina kelele.)

"Wamesimama Himo. Niliwazuia. Kwa ajili ya mvua."

"Mvua ipi?"

Nikaonyesha simu. 312. Mzee mmoja akavaa miwani, akasoma, akamwonyesha mwenzake. Hakuna aliyecheka. Ndipo shemeji yangu, mama yake Manka, akatoka jikoni na ile sufuria kubwa ya shughuli, mikono miwili, akaitua mbele yangu.

"Shemeji, hii tuliisahau nje tangu jana jioni. Pale katikati ya nyasi, mbali na hema na mbali na migomba. Hebu isome na hii."

Nikachungulia. Maji yamefika vidole viwili. Mzee wa miwani akasema, "Mwalimu hakosi rula." Kweli nilikuwa nayo mfukoni, ile ya grafu. Nikainama mbele ya ukoo wangu wote, nikapima sufuria.

"Unasoma ngapi?" akauliza kaka.

"Ishirini na sita."

"Paza sauti, mama hasikii vizuri."

"ISHIRINI NA SITA!"

Kaka Protasi si mtu wa maneno mengi. Alitazama ile nguzo pembeni ya hema, akatazama juu, pale turubai lilipofanya tumbo kubwa limejaa maji. Akachukua fagio. Akalisukuma lile tumbo kwa mpini, polepole. Maji yote yakateremka kwa kishindo, moja kwa moja kwenye kikombe changu cha kupimia mvua.

Simu yangu ikalia king'ora cha mvua kubwa. Ilikuwa mkononi mwa mzee wa miwani. Wazee kumi na wanne, chini ya anga isiyo na wingu hata moja, wakanyanyua nyuso kutafuta mvua iko wapi.

"Ee Ruwa," akasema mama yangu. Huyo ni Mungu kwa Kichagga, na alimwita kama shahidi.

Tukaanza kupiga simu. Mzee Urbani hapokei. Deo, mchumba mwenyewe, hapokei. Tukapiga tena na tena. Kaka akataka kuondoka mbio kwenda Himo, na hapo akaingia bodaboda kuleta soda za shughuli. Anatabasamu mpaka masikioni.

"Shikamooni wazee! Jamani, leo Himo kuna watu wema! Wana mapipa kwenye pikapu, wanagawia kila mtu mbege stendi pale. Bure kabisa! Nzuri hiyo, imeiva leoleo!"

Hakuelewa kwa nini hakuna aliyemwitikia. Mbege ya posa ya Manka wetu ilikuwa inanywewa na bodaboda wa Himo, na aliyeimwaga ni mimi.

Shemeji akaketi chini, pale pale kwenye nyasi, na kitenge chake cha sherehe. Sijawahi kumwona akikaa hivyo.

Manka akatoka ndani. Amesukwa, amepakwa hina, amevaa gauni alilolishona kwa miezi kadhaa. Nilijiandaa kutukanwa. Ningeshukuru kama angenitukana. Akaja karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anauliza njia:

"Baba mdogo, hukuchungulia nje?"

"Sikuchungulia, mama."

Akatikisa kichwa kidogo, akarudi ndani.  

Wazee wakakaa kikao. Hakikuchukua muda. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyeinuka akaenda mpakani mwa kihamba, akarudi na jani la isale. Kwetu, ukimkosea mtu kosa zito, unamwendea na jani hilo. Akilipokea, amekusamehe na hana ruhusa ya kuendelea kukasirika. Asipolipokea, pole yako. Akalifunga fundo, akaniwekea mkononi.

"Utakwenda Sanya Juu leo. Peke yako. Na uvue hayo mabuti."

Basi niko stendi ya Moshi, nasubiri gari. Nimevaa suti niliyoiandalia sherehe. Jani nimelishika wima kama mshumaa wa Pasaka, kwa sababu mama amesema lisikunjike. Wachagga wote wanaopita hapa wanajua maana yake. Wanapunguza mwendo, wanaangalia jani, wanaangalia suti, wanasema "pole" kabla hata ya salamu. Mmoja ameniuliza, "Umemfanya nini mtu wa watu?" Nikamwambia ni hadithi ndefu, ya milimita mia tatu.

Sasa hivi ameniandikia Manka. Nimeusoma ujumbe huo mara sita:

"Baba mdogo, Deo amepokea simu. Baba yake mkubwa amekubali kukusikiliza. Mbege watapika nyingine akilipokea jani. Ila amesema ukifika usizungumzie hali ya hewa. Hata kidogo. Nakuomba."

Nimemwahidi. Nimeapa kwa jina la babu yetu.

Nimeinua macho, na upande wa Sanya Juu kumetanda wingu zito, jeusi tii, linashuka chini kabisa. Upepo umegeuka. Hii inakuja kweli, jamani, na kubwa. Pengine wameanika mahindi nje. Dereva anaita abiria, nami napanda na jani langu, mdomo nimeufunga. Nitawakuta wanalowa, nitawaamkia, nitalowa nao, na mtu akiniuliza hayo maji yanayotudondokea ni nini, nitasema sijui.